Mpini Namba Nne

Kapteni aliingia kwenye karakana yangu Alhamisi saa nne asubuhi, na sikusimama. Watu wote husimama akiingia. Mimi nilikuwa na bisibisi mkononi, nikaendelea kukaza skrubu ambayo ilishakazwa.

"Binti, fundi yuko wapi?"

"Unamwangalia."

Akawageukia wenzake wawili, daktari wa meno na mwanasheria, wakacheka wote watatu. Hakunijua. Angenijulia wapi? Baba yangu alikuwa fundi wa fimbo kwenye klabu yao ya gofu kwa miaka ishirini na miwili, na sidhani kama Kapteni aliwahi kuuliza iwapo fundi ana mke, sembuse binti.

Niseme kisa kwanza, nisije nikaonekana mbaya bure. Miaka tisa iliyopita Kapteni alishindwa fainali ya klabu. Kwenye shimo la mwisho mpira aliupeleka kichakani mwenyewe, kwa mikono yake mwenyewe, watu wakiona. Lakini bwana mkubwa hashindwi hivi hivi, lazima awepo wa kubeba lawama. Akaiambia kamati kwamba baba alimfungia mpini wenye ufa kwenye draiva, ile fimbo kubwa ya kupigia mpira wa kwanza wa kila shimo. Hakuna aliyeukagua. Wajumbe wakaitikia, na hawa wawili waliokuja naye walikuwemo. Baba akaambiwa akusanye vifaa vyake, na mpini wake wakamtupia juu ya sanduku.

Akaja nao nyumbani. Mwezi mzima alikaa dirishani akiutafuta huo ufa. Aliupitishia kitambaa, akaupitishia ukucha, akaukagua kwa lenzi, akaugonga na kutega sikio. Hakuuona kwa sababu haukuwepo. Mama akamwambia, "Baba watoto, utapofuka." Ndipo alipouviringisha kwenye shuka kuukuu na kuusukuma nyuma ya kabati. Tangu hapo hajagusa fimbo ya mtu. Mikono ni mizima kabisa, ila kila anachokishika anakitafutia ufa. Hata kikombe cha chai hukigeuza mara tatu kabla ya kunywa. Fundi niliyemwona akiunga fimbo huku anapiga mluzi, leo anakiogopa kikombe.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Jumatatu Kapteni alipopiga simu kuomba miadi, akasema Jumamosi ana fainali na anataka fundi amtafutie mpini unaomfaa, nilifurahi mpaka nikajionea aibu. Siku mbili nilipanga ubaya. Nilifikiria kumpunguzia gundi, kichwa cha fimbo kiruke na mpira mbele ya umati wote. Nilishacheka peke yangu kwa kuiona sura yake. Halafu nikakumbuka kwamba nikifanya hivyo nitakuwa nimemfanya mkweli. Atasema, mnaona, ukoo wao ndivyo ulivyo. Nikaenda nyumbani baba akiwa anaoga, nikauchukua ule mpini nyuma ya kabati bila kumwambia mtu.

Karakana yangu iko pembeni ya uwanja wa mazoezi, na nina utaratibu niliorithi kwa baba: mteja hapimi mpini anaoujua. Watu hupenda jina na rangi kuliko kuona mpira ukienda mbele. Kwa hiyo kila mpini nauzungushia mkanda mweupe toka juu mpaka chini, naandika namba tu. Kichwa ni kile kile, kinachobadilika ni mpini. Mteja anapiga, mashine inapima, mkanda unabanduliwa mwishoni.

"Mimi natumia migumu," Kapteni alisema akivaa glavu. "Usiniletee ya wazee."

"Tutaona, mzee."

Namba moja ulikuwa mgumu kama alivyotaka. Mpira ukakata kona kulia, mita mia moja themanini na moja. Akaulaumu upepo. Namba mbili ukaenda kulia vile vile, akalilaumu goti. Namba tatu akanilaumu mimi. Nikafunga namba nne.

Akapiga. Hata mlio ulibadilika. Mpira ulinyooka kama uzi, ukaenda mita mia mbili na sita. Akapiga wa pili, wa tatu, mpaka kumi. Namba tano hakutaka hata kuuona.

"Nyie, mmeona?" aliwaita wenzake. "Huu ndio mpini niliokuwa nautafuta miaka yote! Aliyeutengeneza huyu anaijua kazi."

"Hauna kasoro?" niliuliza.

"Kasoro ipi? Hauna hata doa."

"Ufa je?"

Akacheka kweli kweli. "Ufa! Mpini wenye ufa ungepiga hivi?"

"Ungeshavunjika zamani," daktari wa meno akadakia.

Nikaanza kubandua mkanda. Sikuharakisha. Nilitaka kila sentimita waione. Karibu na kichwa cha fimbo, pale ambapo baba alikuwa akiandika alama ya mteja kwa wino mweupe, palitokea herufi ndogo zilizonyooka. Mwanasheria hawezi kuacha maandishi bila kuyasoma, akavaa miwani akasoma kwa sauti: "Kapteni." Akasoma na tarehe ya miaka tisa iliyopita. Kisha akaivua miwani.

"Baba yangu alikuwa fundi wenu," nikasema. "Hamkuukagua wakati ule. Leo mmeukagua."

Kapteni alivua glavu kidole kimoja kimoja. Wenzake walikuwa wanamwangalia, na hilo ndilo lililomuuma. Lakini macho yake yalikuwa yanarudi kwenye mpini.

"Binti, yaliyopita si ndwele. Nifungie tu huo, Jumamosi iko mlangoni."

Nilitamani nimpige nao. "Huo una mwenyewe sasa, na ni baba. Nenda kamwombe. Na hawa waje nao."

Miaka tisa yeye ndiye aliyeshika mpini, sisi tukashika makali. Adhuhuri ile akanifuata nyuma mpaka nyumbani kwa baba kama mtu anayepelekwa kung'olewa jino, na daktari wake pembeni, mwanasheria nyuma yao.

Baba alikuwa sebuleni, chai mbele yake haijaguswa. Aliponiona na mpini alianza kuinuka, akamwona Kapteni, akaketi tena. Hakumkaribisha kiti.

"Fundi," Kapteni alianza, kofia mkononi, "ule mpini ulikuwa mzima. Niliteleza ulimi."

"Uliteleza?" Mama alikuwa amesimama mlango wa jikoni. "Sema vizuri."

"Haukuwa na ufa. Nilikusingizia."

"Na sisi tulikosea," mwanasheria alisema akiangalia sakafu. "Kamati itaandika barua."

Nilipaswa kufurahi, ila niliogopa. Baba yangu ni mtu wa kumwomba radhi hata kiti alichojikwaa nacho. Niliogopa atasamehe pale pale, na chai atawakaribisha.

"Sasa, kuhusu Jumamosi," Kapteni akasema, akanyoosha mkono.

Baba naye akanyoosha wake, kwangu. Nikampa mpini. Akaupitisha vidoleni mara moja tu, hakutafuta kitu.

"Mama watoto, msumeno wangu uko wapi?"

"Chini ya kitanda, kwenye sanduku," mama akajibu haraka, na kabla hajamaliza alishakwenda kuuleta.

Baba akaulaza mpini ukingoni mwa meza. Kapteni akainama kwa hamu. "Sentimita mbili tu, fundi. Huwa naupenda mfupi kidogo."

Baba akaweka msumeno katikati kabisa, akaanza kukata. Alikata polepole, kwa mikono iliyotulia, vumbi jeusi la kaboni likidondoka kwenye kitambaa cha meza ambacho mama haruhusu hata tone la chai. Mama akasogeza tu kikombe cha chai pembeni.

"Fundi! Aa, fundi, unauharibu!"

Vipande viwili vikaachana. Baba akampa Kapteni vyote, kimoja kila mkono.

"Haya, kaiambie kamati mpini wako ni mbovu," alisema. "Safari hii utakuwa hujasema uongo."

Wakatoka. Baba akapangusa msumeno kwa shati lake, akaketi, akachukua kikombe akanywa chai yote bila kukigeuza.