Kiti Kilichopeleka Posa kwa Jina Langu

Hapa Same nzima hakuna kompyuta iliyowahi kunishinda. Nasema hivyo bila majivuno, kwa sababu wanaojua kompyuta hapa Same ni wachache, na wengi wao ni mimi.

Usiku wa kuamkia leo nimeota nimefungiwa nje ya jina langu.

Kosa lenyewe nililifanya nikiwa macho. Jana nilikuwa naweka programu ya ruhusa kwenye kompyuta yangu. Kompyuta za aina hii zina mkubwa mmoja anaitwa Mzizi, yeye anaruhusiwa kila kitu. Sisi wengine tukitaka kufanya jambo zito tunaomba, na programu inatazama faili la masharti: nani anaruhusiwa, kwa jina la nani, na aulizwe nenosiri au asiulizwe. Faili linasomwa kutoka juu kwenda chini, na mstari wa mwisho ndio unaoshinda.

Nikaandika mistari miwili. Wa kwanza: ruhusu wote wafanye mambo kama Mbonea, bila kuulizwa. Huo ulikuwa uvivu. Wa pili: Mbonea mwenyewe aulizwe nenosiri. Huko kulikuwa kujifanya makini. Nikafunga faili, nikajipongeza, nikalala.

Ndotoni narudi nyumbani, nakuta mlango umefungwa. Napiga hodi.

"Karibu, nani mwenzangu?" sauti inaitika ndani. Ni sauti yangu, ila haina mafua niliyonayo wiki hii.

"Ni mimi, Mbonea."

"Mbonea yumo ndani. Anavaa."

Mlango unafunguka, kinatoka kiti. Ni kile cha plastiki cha sebuleni, cha bluu, chenye ufa mgongoni. Kimevaa shati langu la kanisani na kimefunga vifungo vyote, mpaka cha shingoni.

"Wewe, unakwenda wapi na shati langu?"

"Kupeleka posa," kiti kinasema. "Kwa Mzee Mzava. Namchumbia Nakunda."

Nakunda ni binti wa Mzee Mzava, nyumba ya juu mlimani. Tangu kidato cha pili namtania, anacheka, basi. Neno lenyewe sijawahi kumwambia. Kila likifika mdomoni, najikuta nasimulia habari za mwalimu wa Fizikia.

"Kwa jina la nani?" nauliza.

"La Mbonea. Umeandika wote. Wote ni pamoja na mimi. Mbuzi naye ametumia jina lako asubuhi."

"Kufanyia nini?"

"Kunyoa ndevu. Imempendeza."

"Na mimi je?"

"Wewe una mstari wako. Wewe unaulizwa."

Nyuma yake anatoka mshenga, sufuria letu kubwa. Halina mfuniko, kwa hiyo halijui kufunga mdomo. Linashuka ngazi tayari linanisifia: "Kijana wetu mtulivu huyu! Ukimweka hapa, jioni utamkuta hapa hapa."

Nakimbilia jikoni kunywa maji nifikiri. Jiko ni ofisi. Kuna feni, kuna meza, na nyuma ya meza amekaa mhogo mmoja mnene, hajamenywa, amefunga tai. Najua huyu ndiye Mzizi.

"Shikamoo, mkubwa."

"Marahaba. Sema upesi, mimi sipendi kuamshwa."

"Naomba uzuie viti visitumie jina langu."

"Naweza," anasema Mzizi. "Hakuna nisichoweza. Naweza kuifuta wilaya hii yote kwa mstari mmoja, na hakuna wa kuniuliza. Ndiyo maana nimefundishwa nikae tu."

"Sasa mimi nitasaidikaje?"

"Ongeza mstari wako chini ya ile miwili. Wa mwisho ndio unaoshinda, mbona unalijua hilo?"

"Kalamu iko wapi?"

"Nyuma ya nenosiri. Nenda kaliseme mlangoni kwa Mzava, kuna kufuli pale. Ukifunguliwa, utaandika. Na ufanye haraka kijana, yule mwenzako ni kiti. Hachoki kusubiri jibu."

Ananiingiza kwenye kundi la Gurudumu, ambalo ni kundi la watu anaowaamini. Nadhani ni jina tu. Kumbe ni tairi la trekta, nami nimo ndani, linabiringika kupanda mlima. Humo namkuta mbuzi, kidevu kinang'aa.

"Mbonea," ananisalimu.

"Mbonea," namjibu. Tunaendelea na safari.

Kwa Mzee Mzava posa imeshakolea. Mlango uko wazi kabisa, lakini katikati ya uwazi linaning'inia kufuli, halijashikwa na kitu. Najaribu kulipita pembeni. Linahama nami.

"Nenosiri," linasema kufuli.

Nenosiri langu ni jina la Nakunda. Najua, najua. Tangu nimeweka hilo sijawahi kulisahau.

Nafungua kinywa nalitamka. Midomo inacheza, sauti haitoki.

"Halijasikika," nasema, na hilo linasikika vizuri tu.

"Nenosiri halisikiki," linasema kufuli. "Likisikika si siri tena. Umekosea herufi. Jaribu mara ya pili."

Huko ndani Mzee Mzava anakihoji kiti.

"Kijana, unafanya kazi gani?"

"Nakaliwa, mzee."

"Ya kudumu hiyo?"

"Tangu niliponunuliwa."

"Pombe je?"

"Nilimwagiwa mara moja, kwenye kipaimara. Sikuipenda."

Mzee Mzava anamgeukia mkewe. "Mkweli. Na tazama, miguu minne yote iko chini. Yule Mbonea mwingine hata hiyo miwili haijawahi kutulia."

"Ndiye huyo huyo!" linadakia sufuria. "Ametulia siku hizi!"

Nalitamka tena jina la Nakunda, kwa nguvu zangu zote, mpaka mishipa ya shingo inasimama. Kimya. Nzi anapita, yeye anasikika.

"Umekosea," linasema kufuli. "Mara ya tatu ni ya mwisho. Hata mwenye kupiga hodi, akikosa kuitikiwa mara ya tatu anajiondokea zake."

Nakunda ameletwa sebuleni, ameketi kwenye mkeka. Ananiona mlangoni.

"Yule anasema nini?" anauliza.

"Hairuhusiwi kujulikana," linajibu kufuli.

"Basi," anasema Nakunda, "mwenye neno la mwisho aseme, nami nijibu."

Najua kanuni. Wa mwisho ndiye mshindi. Navuta pumzi, nalitamka jina lake kwa mara ya tatu, polepole, herufi kwa herufi, kama mtu anayepita kwenye daraja bovu. Hakuna kitu.

"Umekosea. Tukio hili litaripotiwa."

"Kwa nani?"

Kufuli linafikiri. "Sijui, miaka yote hii sijawahi kuulizwa."

Ndipo kiti kinasogea mbele hatua moja, kinakohoa kidogo, na kwa sauti yangu, ile isiyo na mafua, kinasema, "Nakunda, mimi nakupenda."

Kirahisi hivyo tu. Bila hata kumtaja mwalimu wa Fizikia.

Nakunda anafungua kinywa ajibu. Nikaamka.

Kumekucha. Nikacheka peke yangu, nikaenda sebuleni. Nikamkuta mama ameinama, anafuta miguu ya kiti kwa tambara.

"Mbonea, nani katoka na kiti hiki?" akasema. "Udongo mwekundu mpaka huku juu! Kwetu hapa ni mchanga mtupu. Huu ni wa kule mlimani, kwa kina Mzava."

Mtu mwingine angeogopa. Mimi nikaona nafasi.

"Ni mimi, mama. Jana ulipokuwa kwenye kwaya nilipanda nacho. Nimekaa na mzee tukazungumza, na Nakunda nimemwambia yote. Kwa kinywa changu, bila kutetemeka."

"Wewe?"

"Mimi, mama. Mwanao."

"Hodi," mtu akasema.

Alikuwa Nakunda, kidumu cha maziwa mkononi. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Akamwamkia mama. Kisha akakitazama kiti, akainamisha macho kama mtu aliyeona haya.

"Si yeye, mama," akasema. "Yeye alikuwa mlangoni anachezesha midomo tu. Aliyesema ni hicho."