Mlango wa Akimana

Dereva asiyefahamika alisimamisha lori katika kambi ya wakimbizi ya Ngara, mbele ya kibanda cha fundi Fabrice, akaliendea moja kwa moja kabati la droo.

"Hili umelitengeneza wewe, au umeliiba kwa wazungu?"

"Mimi," Fabrice akacheka.

Lilikuwa la mninga, na kila droo imepachikwa maua ya mvule wa rangi ya asali. Mvule huo ulikuwa mlango ambao jirani yake, bibi Akimana, aliubeba kichwani kutoka Burundi walipokimbia vita. Ulipopasuka kwa jua, alimpa Fabrice auokoe. Fabrice akamwahidi: "Mlango wako hautatoka kambini bila wewe."

"Nipe kabati, nikufiche nyuma ya magunia hadi Biharamulo," dereva akanong'ona. "Nafasi ni ya mtu mmoja."

Fabrice aliingia kambini hata hajaota ndevu, na hajavuka kizuizi cha askari tangu hapo. Mikono yake ilikwisha kulikumbatia kabati. Kidole kikagusa ua la mvule. Akaliachia.

"Ngoja kidogo."

Alirudi amemshika mkono Akimana, ambaye binti yake aliolewa Nyarubungo, huko Biharamulo.

"Shikamoo, bibi," dereva akasema. "Fundi, nimesema mmoja!"

"Ndiye huyu."

"Na wewe, mwanangu?" Akimana akauliza.

"Nina mbao za kupiga randa, bibi."

"Mbao zipi? Kibanda kitupu!"

Fabrice alizifunga droo kwa kamba zisifunguke njiani, akalipakia kabati, akampandisha bibi, akasimama kulitazama lori likivuka kizuizi.