Mtoto Aliyekuja na Vitu Vyake

Asubuhi hiyo fundi cherehani aliondoa nguo za wateja kwenye meza ya kukatia, akaifuta, akapanga vitu vya kwenda kujifungulia hospitali: pamba, wembe ambao haujafunguliwa, uzi wa kufungia kitovu, plastiki ya kutandika, kipira cha kuvuta ute kwenye pua ya mtoto, na nepi alizozishona mwenyewe kwa mabaki ya shuka. Mama mkwe wake alisimama mlangoni, anakagua.

"Glavu ziko wapi?"

"Niliziweka hapa jana, mama."

"Basi zimeondoka. Vidole zinavyo, kumbe na miguu zinayo."

Walitafuta nyuma ya mapazia, wakatafuta kwenye droo ya vifungo. Fundi alipoinama kuchungulia chini ya cherehani, kitu kikachakarika tumboni mwake, kama pakiti ya nailoni. Mama mkwe aliweka kiganja, akabonyeza taratibu kama anayechagua parachichi.

"Hizi hapa," alisema. "Kazichukua mwenyewe. Na kazikunja vizuri, kwa hilo hakumrithi baba yake."

Hakuna aliyeuliza sababu. Mtoto wa kwanza wa fundi alifia hospitali hiyohiyo, mchana kweupe, na vitu vyote vikiwepo. Utaratibu wa pale ni kwamba mfuko wa mzazi unapokelewa mlangoni na mtunza stoo, unafungiwa kabatini usipotee. Mtunza stoo ni mwaminifu, haibi hata sindano. Siku ile alikwenda kula na ufunguo mfukoni. Mtoto alizaliwa amejaa ute puani, kipira chake kiko kabatini. Mkunga alisema wangoje ufunguo. Wote walingoja, isipokuwa mtoto.

Basi tangu siku ya glavu, fundi aliacha kutafuta. Akinunua kitu alikiweka mezani, kisha akageuza uso kidogo, kama unavyomgeuzia mtu anayevaa. Pamba ikaenda. Plastiki ikaenda, usiku kucha ikamkwaruza mbavuni mpaka ilipokaa sawa. Wembe alijaribu kumkataza.

"Huo ni wa wakubwa," aliliambia tumbo, akauficha kwenye kopo la sukari. Asubuhi kopo lilikuwa na sukari tu.

"Mwache," mama mkwe alisema. "Sisi tulikuwa na mfuko, tukautoa mlangoni. Mwenzetu hatoi."

Tumbo likaota pembe. Fundi alijishonea gauni lenye kona nne, lililomkaa vizuri mno hata wateja wawili wakauliza kama ni mtindo mpya. Mumewe alianza kuweka kikombe cha chai juu yake, akakatazwa. Beseni peke yake ndilo lililobaki sakafuni. Mtoto alikuwa mwangalifu, hakuwa kichaa.

Uchungu ulipoanza, walikwenda na beseni lao. Mtunza stoo alinyoosha mkono.

"Mfuko?"

"Hatuna, kaka," fundi alisema.

"Mtu mzima unakuja kuzaa mikono mitupu?"

"Mwenye vitu anakuja nyuma yetu," mama mkwe akamjibu.

Ndani, kilitangulia kutoka kiganja kilichoshika pakiti ya glavu. Mkunga akaipokea, akasema ahsante, maana alilelewa vizuri, akazivaa. Ikafuata plastiki, ikafuata pamba, kavu kabisa. Mtoto mwenyewe alikuja mwisho, amekikumbatia kipira kwa mikono miwili, na hakukiachia mpaka mkunga alipokigusisha puani mwake. Kisha akalia, sauti ya mtu aliyerukwa kwenye foleni. Fundi aliisikiliza kelele ile kutoka mwanzo mpaka mwisho. Hakutaka anyamazishwe.

Kitanda cha pili alikuwepo mwanamke mfua nguo. Mfuko wake ulikuwa kabatini. Mtoto wake alipozaliwa, naye amejaa ute puani, mkunga alimfungua viganja vyote viwili, akatazama. Hamna kitu.

"Huyu kaja kama mgeni," alisema.

"Mpeni kipira cha wangu," fundi akasema. "Dada, mpeni cha wangu!"

Lakini mtunza stoo alikuwa ameshapita kukusanya vilivyobaki, akavifungia visipotee, akaenda kula. Mama mkwe alitoka mbio, kiatu kimoja kikabaki mlangoni. Alimkuta hotelini ananawa mikono. Aliporudi na ufunguo, mfua nguo alikuwa amegeukia ukutani, na mkunga alikuwa anavua glavu.

Fundi alipompeleka mwanawe kupata chanjo, alikuta wajawazito wamejaa kwenye benchi. Utaratibu ulikuwa umebadilishwa. Kabati lilikuwa palepale na kufuli lake, ila sasa muuguzi alipita akiwapapasa matumbo mmoja mmoja, anatafuta pembe. Kwa binti mmoja alisimama, akapapasa tena, akanyoosha mgongo.

"Lako laini tupu," alimwambia. "Ongea na mwanao. Hospitali haiwezi kufanya kila kitu."

"Ndiyo, dada," binti alisema. Akainamia tumbo lake, akaanza kulieleza kwa sauti ndogo, kitu kimoja kimoja, akianza na glavu.