Teksi Iliyozuia Taa Mpya

Atokaye katika foleni ya mafuta hurudi mwisho. Sheria hiyo haikuandikwa popote, lakini Bujumbura nzima iliishika kuliko amri kumi za Mungu.

Siku ya nne ya kungoja, teksi ya Massoudi, tangi likiwa kavu, ilifika ukingoni mwa makutano ya Nyakabiga. Ng'ambo ya pili yalibaki magari sita tu, kisha pampu. Hapo ndipo mhandisi Hugues alipofunga taa mpya za barabarani zinazojiongoza zenyewe. Kamera ilitazama kisanduku kilichochorwa kwenye lami, pale pale iliposimama teksi. Palipo na gari, ilitoa kijani mpaka gari liondoke. Haikufundishwa kwamba gari laweza kusimama siku nne pasipo nafasi ya kuvuka. Basi kijani kikamwakia Massoudi, na barabara itokayo Gasenyi ikafungwa kwa nyekundu.

Katika barabara hiyo mwanamke aitwaye Carmen aliacha gari lake nyuma ya mengine kumi, akamkimbilia polisi Bonfils aliyesimama makutanoni.

"Afande, mama anakata pumzi mu gari! Utupitishe kwa mukono!"

"Wamenikataza mukono, dada. Na mwenye kupita mu nyekundu, kamera inamupiga picha, permi ya kuendesha inaenda."

Hugues, aliyeketi chini ya nguzo ya taa, hakuinua macho kutoka kwenye kompyuta yake. "Muondoe ile teksi."

Massoudi aliitazama pampu. Kisha akamgeukia fundi Anouar, aliyekuwa nyuma yake.

"Ndugu yangu, naisukuma pembeni. Dakika moja usisogee, halafu unirudishie nafasi."

"Dakika moja nakupa, wallahi. Nafasi, apana."

"We ni mutu gani?"

"Mutu wa siku ine, kama we!"

Foleni ikacheka. Massoudi akalegeza breki, akaisukuma teksi pembeni peke yake. Taa ikageuka, magari ya Gasenyi yakapita, na Carmen, aliyekwisha kurudi garini mwake, akapita pamoja nayo pasipo kugeuka nyuma. Mara Anouar akasukuma gari lake kisandukuni, na Gasenyi ikafungwa tena.

Hugues aliandika kwamba mtambo umefanya kazi yake. "Merci, mzee," akasema.

"Waambie basi wanirudishe."

"Hayo ya foleni ni yenu."

Massoudi akageuza usukani. Alisukuma kupita magari sabini na mawili. Waliomo walimwangalia wakitafuna karanga. Nyuma ya lori la mwisho alisimama, akavuta breki ya mkono, akaketi.