Padri Silvester Majini Siku ya Wanawake

Padri Silvester alipoletwa parokiani kwetu alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Alitutangazia mwenyewe Jumapili ya kwanza, kisha akanyamaza kidogo ili tukumbuke ni nani mwingine aliyefikisha umri huo. Mama yangu, Bibi Moi, hukaa benchi la mbele kwa sababu masikio yake yamechoka. Akasema, kwa sauti ya mtu asiyejua ukubwa wa sauti yake, "Basi huyu naye hana muda mrefu."

Kanisa zima likacheka mpaka wanakwaya wakakosa pa kuanzia. Uadui wao ulianzia hapo.

Sisi ni watu wa Woloria, kijiji cha nyumba za nyasi mgongoni mwa mlima unaofuka moshi. Wageni wanatupenda. Wanapenda pembe za nyati wetu wa kulimia tulizotundika milangoni, wanapenda makaburi ya mababu katikati ya uwanja, hata nguruwe wetu wanawapiga picha. Kazi yangu ni kukaa langoni na kitabu cha wageni. Mume wangu, Longa, ndiye anayewatembeza na kuwaeleza. Kwetu mwanamume akioa huhamia nyumbani kwa mke, kwa hiyo Longa amekula wali wa mama yangu miaka ishirini na miwili, na hajamshinda ubishi hata siku moja. Nadhani ndiyo maana akiwapata wageni huwaongopea bila huruma. Ni watu pekee wanaomsikiliza.

Chini ya kijiji, ukishuka kwenye mianzi kwa nusu saa, maji ya moto yanatoka mwambani na kukutana na kijito cha baridi. Pale yanapochanganyika ndipo tunapooga. Wanaume, wanawake, wazee, kila mtu anaangalia mwili wake na matatizo yake. Padri Silvester alipoliona jambo hilo kwa macho yake alirudi mbio, na Jumapili tukahubiriwa saa nzima. Jumatatu akapigilia ubao: Jumanne na Ijumaa wanawake, siku nyingine wanaume, Jumapili hakuna.

Mama akahesabu kwa vidole. "Wanawake siku mbili, wanaume nne," akaniambia. "Kumbe wanaume ndio wachafu zaidi. Hilo amelijua mapema, ana akili."

Akaendelea kwenda siku aliyotaka. Padri akaja nyumbani kumwonya. Nilimkaribisha kahawa, akaketi barazani, magoti yamebanana kama msichana wa kuposwa.

"Bibi, mwili ni hekalu," akasema.

"Ndiyo, baba. Na hekalu hili linavuja. Bila maji ya moto magoti hayakunjiki."

"Nenda Jumanne na Ijumaa."

"Magoti hayajui kusoma ubao." Akatema mate ya tambuu kando ya ngazi, mekundu, karibu kidogo na kiatu cha padri. "Na wewe, baba, unaogopa nini? Nina miaka themanini na moja. Mungu ameniona uchi kabla hujazaliwa, na hakulalamika."

Padri aliondoka bila kumaliza kahawa, jambo ambalo kwetu ni tusi. Mama aliimaliza yeye.

Sasa, mwezi wa tano tuna maandamano ya Bikira Maria. Sanamu yetu ni ya saruji, na wanaoibeba huwa wanane. Mwaka huo padri alitaka kutuonyesha mfano wa utumishi, akashika mti wa mbele wa kubebea peke yake, bila mwenzake upande wa pili. Alipiga hatua kumi na moja. Ya kumi na mbili tulisikia mlio kama wa mwanzi unaovunjwa, na padri akabaki ameinama vile vile.

Hakunyooka tena. Alichomwa sindano mjini, akapewa vidonge vya rangi tatu, wapi. Aliendesha misa akiangalia vidole vya miguu yake. Mwanzoni tulidhani unyenyekevu umemzidi. Kila mtu alimshauri aende majini, naye alimjibu kila mtu kwamba Bwana atamponya kwa njia zake. Mama akasema, "Njia zake ziko pale chini zinachemka, lakini mtoto anangoja barua."

Yaliyofuata nilisimuliwa na mama, na mama haongezi chumvi. Pilipili, ndiyo.

Ijumaa moja asubuhi padri alifanya hesabu zake. Siku za wanaume wangemwona wanaume, wakamcheka. Lakini Ijumaa ni siku ya wanawake, na Ijumaa pia ndiyo siku ya gulio, wanawake wote wamekwenda kuuza parachichi. Maji yatakuwa matupu. Hesabu nzuri sana, ila mama yangu haendi gulioni tangu magoti yaanze kumsumbua.

Mama alimkuta padri ndani ya maji mpaka shingoni, macho yamefumbwa, uso mtulivu kama mtoto aliyeshiba. Kanzu ilikuwa juu ya jiwe, na kila kitu kingine juu ya kanzu.

"Padri," mama akasema, "leo siku ya nani?"

Padri alijaribu kuruka. Mgongo ukakamata. Akapiga yowe lililowarusha ndege mianzini, akabaki ameng'ang'ania jiwe, hawezi kutoka, hawezi kuzama.

"Bibi, nakuomba uondoke," akasema.

"Niondoke nikuache ufe? Halafu niseme nini, kwamba nilimkuta padri uchi nikaona aibu nikampisha Izraili mtoa roho?" Akaingia majini na mashuka yake yote mawili. "Geuka."

"Bibi Moi, siwezi kugeuka."

"Basi nitageuka mimi."

Akamkanda. Mama amekanda wajawazito, nyati wawili, na marehemu baba yangu kila msimu wa mvua. Padri mwanzoni alikuwa anasali kwa sauti. Kisha sala ikawa miguno. Kisha, mama anasema, akaanza kulia, na si kwa maumivu. Alimwambia kwamba tangu atoke kwao pwani hakuna mtu aliyemgusa hata begani. Watu wanabusu pete ya askofu, yeye wanampa mkono tu wakati wa amani, tena haraka haraka. Usiku anakula wali baridi peke yake akisikia nyumba nyingine zinacheka, na anajua zinamcheka yeye.

"Zinakucheka, ndiyo," mama akamwambia. "Ungekuja tungekucheka ukiwepo. Ni afadhali."

Hapo ndipo tulipotokea sisi. Longa mbele, Waholanzi saba nyuma yake, na mimi mkiani na chupa za chai na mihogo ya kuchemsha. Nilimwona mama, nikaona kichwa cha padri kifuani pake, nikaona kanzu. Nikaacha chupa moja idondoke, chai ikamwagikia kanzu pale jiweni.

Longa naye aliona. Mume wangu namjua, alifikiri kwa muda wa kupepesa jicho moja, akawageukia wageni akawaambia kwa kunong'ona kwamba wamebahatika mno. Hii ni ibada ya mababu. Bibi mkuu wa ukoo anamzaa upya kijana aliyepotea. Hutokea mara moja kwa miaka saba.

Waholanzi wakavua kofia. Mmoja akaanza kutokwa machozi.

"Longa!" padri akasema kwa lugha yetu, bila kufungua meno. "Nakulaani."

"Anasema nini?" akauliza mgeni.

"Anawasalimu mababu," Longa akasema.

Kulikuwa na mama mmoja mnene, Marijke, muuguzi huko kwao. Yeye hakuvua kofia. Alimtazama padri, akamtazama Longa, akaingia majini na viatu vyake. Akamgusa mgongo hapa na pale, akamwambia Longa atafsiri sawasawa la sivyo atamtia kofi: huyu mtu ni mgonjwa, atolewe amelala, asinyooke. Alipoona kazi ya mikono ya mama alitikisa kichwa kwa heshima.

Tukamtoa. Kanzu ilikuwa imeshalowa kwa chai yangu, kwa hiyo mama akavua shuka lake la pili, jeusi, la kufuma, la wanawake, tukamfunga nalo. Waholanzi wanne na Longa wakambeba juu ya mianzi. Tulipofika uwanjani gulio lilikuwa limevunjika. Woloria yote ilikuwepo, na vikapu vitupu, kumpokea padri aliyevaa kama bibi harusi.

Hakuna aliyecheka. Nilishangaa mimi mwenyewe. Ni mpaka padri alipoinua kichwa kwenye machela akasema, "Haya, chekeni basi, mniue niishe." Tulicheka mpaka watu wakaketi chini. Na yeye akacheka, akishika mgongo, akilia "aa, aa, msinichekeshe," na tukazidi.

Alilala kwetu siku tisa, kitanda cha Longa. Mama alimkanda asubuhi na jioni, na kumlisha mchuzi wa nguruwe mpaka mashavu yakajaa. Siku ya nne walikuwa wanagombana kuhusu toharani. Siku ya sita alimfundisha kutafuna tambuu, akapata kizunguzungu akamwita mama shetani. Longa alilala jikoni, na kwa uongo wa ile ibada padri alimpa kitubio cha rozari arobaini. Alinung'unika kwamba wageni waliondoka na imani kubwa kuliko waliyokuja nayo, akaongezewa kumi.

Siku ya kumi padri alisimama, akanyooka polepole akiwa ameshika nguzo ya nyumba. Nilikuwa nimesahau alivyo mrefu. Akamwambia mama anarudi parokiani.

"Nenda," mama akasema, akipanga majani ya tambuu kwenye kikapu chake. "Lakini usile peke yako. Wali wa jioni uko hapa."

"Na magoti yako, Bibi?"

"Yanauma. Mgongo wako umekula mikono yangu yote."

Padri akavua viatu alivyokuwa ameshavaa, akaketi sakafuni mbele yake, akashika goti la kushoto. Hakujua kukanda hata kidogo. Mama alimtukana kwa muda wa saa nzima, hapo sivyo, chini, chini zaidi, hukuzaliwa na mikono wewe, na yeye akaendelea tu.