Mrija wa Sita

Persis alipokabidhiwa stoo ya taka za mionzi katika hospitali moja mjini Kisii, alikataa kutia sahihi kabla ya kuhesabu mwenyewe. Rejesta ilisema mirija sita, midogo kuliko njiti za kiberiti, iliyotumika kutibu saratani ya kizazi kabla ya mashine mpya kuletwa. Waliomtangulia walikuwa wakisoma kibandiko cha nje ya sanduku, wanaandika sita, wanafunga mlango. Persis alilifungua kwa koleo refu, amejikinga vizuri. Ndani mlikuwa na mitano tu.

Alimwendea Linda, muuguzi wa zamani wa wodi ya wagonjwa wa saratani.

"Mgonjwa wa mwisho alikuwa Ruth, wa Nyansiongo," Linda alisema. "Alitoroka kabla mrija haujatolewa mwilini. Tukaambiwa mrija uliokotwa kitandani, ukarudishwa. Aliyeurudisha sikumwona."

Ruth alikwisha kufariki. Persis alipofika kwake alipokewa na mumewe, Mzee Onchiri, aliyebaki peke yake, mkono wa kulia umefungwa kitambaa. Persis alianza kupima kaburini, kando ya migomba. Kipima mionzi kilinyamaza. Alipogeukia nyumba kikaanza kulia, na mlangoni pa chumba cha kulala kikawa kinalia mfululizo, bila kupumua.

"Tata," Persis alimwita, yaani baba kwa Kigusii, "humu ndani mna kitu cha hospitali?"

Onchiri aliinua macho kwenye boriti, palipokuwa na mkebe wa majani ya chai.

"Ni chake. Kilimtoka nikimwosha, kinang'aa. Kila Sabato nakishika, namweleza habari za nyumbani. Usiku namsikia akipumua." Akakitazama kipima. "Hata chombo chako kinamsikia."

"Tata, hicho ndicho kinachokula mkono wako."

"Najua kinauma. Nilidhani ndivyo anavyonishika."

Persis alimshika begani, akamtoa nje taratibu, kisha akapiga simu. Wataalamu walifika kutoka Nairobi, wakauchukua mrija kwa vikoleo na kuufungia katika chombo kizito. Onchiri alisimama uani akilia kama siku ya mazishi. Hakuna aliyemkataza.

Madaktari walimkata vidole viwili. Mrija ulirudi stoo, ukapewa namba mpya, ukisubiri kupelekwa ghala la taifa pamoja na mingine. Tangu hapo, kila Onchiri alipokuja kliniki kuoshwa kidonda, alipitia kwenye ua wa stoo na kusimama nje ya waya, kofia mkononi.

"Yuko?" aliuliza.

Persis alijua jibu sahihi: upo, si yuko. Mrija ni kitu, si mtu, na kazi yake ilikuwa kuhesabu vitu. Lakini kila alipomtazama mzee yule, alishindwa kulitamka.

"Yuko, Tata."

Mzee aliitikia kwa kichwa, akaenda zake. Persis aligeuka aingie stoo kuhesabu, na kabla hajatia ufunguo akajikuta amebisha hodi.