Vikonyo Mia Mbili na Kumi na Nne

Hoya yangu, mmea wa kutambaa, ilikuwa imekaa dirishani miaka saba bila kutoa ua hata moja, na mke wangu alikuwa amechoka kuivumilia. Yeye ni fundi cherehani. Cherehani yake ilikuwa kwenye ujia mwembamba kati ya jikoni na bafu, mahali ambapo uzi mweusi na uzi wa bluu hufanana kama mapacha. Dirisha lenye mwanga wa maana nyumbani kwetu ni moja tu, la chumba cha mbele, na dirisha hilo lilikuwa na mpangaji. Ndivyo alivyouita mmea wangu: Mpangaji.

"Anakula mwanga wetu, anakunywa maji yetu," alisema, "na hajawahi kutuambia hata ahsante."

Siku ya kwanza ya mwezi tuliandikiana mkataba nyuma ya karatasi ya kalenda. Mpangaji akitoa ua kabla ya mwezi kwisha, anabaki, na habari ya kumtupa haitatajwa tena. Asipotoa, cherehani inaingia dirishani na yeye anakwenda kwa jirani anayefuga mbuzi. Nilitia sahihi. Mimi ni fundi saa, najua mwezi unavyokwisha upesi.

Sikuwa mzembe. Kipande cha kwanza nilipewa na mteja aliyekuja kuchukua saa yake, kimefungwa kwenye gazeti lililolowa. Aliniambia inaitwa hoya, kwamba hoya ziko aina nyingi sana, na kwamba aina ya hii ingejulikana vizuri siku ikichanua. Mengine nilijifunza mwenyewe, na kila nililofanya niliandika kwenye daftari. Udongo nilichanganya na vipande vya mkaa na makumbi ya nazi ili maji yasituame. Maji nilitia pale tu jani likianza kulegea. Majani yake ni manene kama soli ya kandambili na yana madoa ya fedha, kwa hiyo nilikuwa nimeandika makisio matatu ya aina yake. La tatu, lililo adimu kuliko yote, nilikuwa nimelipigia mistari miwili.

Na kila Jumamosi asubuhi nilikagua vikonyo. Hivi ni vijiti vifupi vinavyochomoza ubavuni mwa tawi, urefu wa kiungo cha kidole, havina jani, na kwenye ncha vina kinundu. Vimekaa tu. Kwenye saa, kipande kisichozunguka wala kuzungusha kingine ni uchafu, unakitoa. Basi kila nilichokikuta nilikikata kwa mkasi mdogo na kuandika idadi. Tawi moja tu lilinishinda: lilipita nyuma ya pazia na kupotea. Niliandika tarehe, na mbele yake, "Halijulikani lilipo."

Siku nane kabla ya mwezi kwisha, mama mkwe alikuja kututembelea. Tulimlaza chumba cha mbele, pamoja na Mpangaji na lile kabati kubwa la nguo. Mama mkwe alikuwa matroni wa bweni kwa miaka thelathini na moja. Anaweza kusimama mlangoni, akavuta pumzi mara moja, akakwambia sanduku gani lina biskuti.

Jumamosi alinikuta kazini na mkasi.

"Unakata nini, mkwe wangu?"

"Vikonyo, mama. Havina kazi. Vinanyonya nguvu za mmea."

"Nani kasema?"

"Nimefikiri mwenyewe."

"Aa," alisema, akavuta kiti akakaa. Nilimwonyesha daftari. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akilamba kidole, kama anakagua orodha ya mashuka.

Jumatatu sisimizi walitokea. Walipanda ubavu wa kabati kwa mstari mmoja ulionyooka, wakashuka kwa mstari mwingine, wakiwa na haraka ya watu wenye harusi. Jumanne tulikuta matone kwenye mlango wa kabati, mazito, yanayong'aa, yanayonata. Jioni chumba kizima kilinukia utamu, kama mtu amechemsha sukari.

Hapo lazima niseme kwamba miezi mitatu nyuma daktari alikuwa amenikataza sukari. Mke wangu alikuwa amenisimamia vizuri, hata chai nilikunywa bila sukari. Alipoona yale matone alinigeukia taratibu, mikono kiunoni.

"Baba watoto."

"Naam."

"Umeficha nini juu ya kabati?"

"Sijaficha kitu."

"Sisimizi wanakwenda huko kusali?"

Mama mkwe aligusa tone kwa ncha ya kidole, akalionja, akafumba macho. "Asali," alisema. "Tena nzuri."

"Mama, mimi naapa..."

"Wote huapa, mwanangu. Kuna mmoja aliniapia huku andazi liko ndani ya soksi."

Kuanzia siku ile niliishi kama mshtakiwa. Nikitoka msalani naulizwa nilikuwa natafuna nini. Nikirudi kutoka kwenye kibanda changu cha saa, mke wangu ananikaribia kama mtu anayetaka kunibusu, kumbe ananusa. Nilitaka kupanda juu ya kabati nijisafishe jina, lakini mama mkwe alikataa katakata. "Mtuhumiwa hagusi ushahidi," alisema, na yeye mwenyewe goti lilikuwa linamsumbua. Tukangoja lipone, huku sisimizi wakiendelea kushiba.

Siku ya mwisho ya mwezi ikafika. Mpangaji alikuwa dirishani, kijani, mnene, hana ua. Mke wangu aliamka mapema akaanza kuisukuma cherehani kwenye ujia. Jirani wa mbuzi alikuwa tayari ameshaambiwa. Nilisimama mbele ya chungu nikaanza kupangusa majani, moja moja, kwa kitambaa laini. Nilitaka akienda, aende msafi.

"Mkwe wangu," mama mkwe aliita nyuma yangu, "acha kulilia majani. Nishikie stuli."

"Na goti, mama?"

"Goti limepona. Kabla ya kumfukuza mmoja, tummalize mwingine. Nataka hiyo asali leo."

Alipanda. Nilishika stuli, mke wangu akanishika mimi, nadhani ili nisikimbie. Juu ya kabati kulikuwa na masanduku mawili ya safari ambayo hayajashushwa tangu tuhamie, na juu yake kidirisha kidogo cha kuingiza hewa kinachopata jua la asubuhi. Mama mkwe alisukuma sanduku la kwanza. Kisha akaliachia, akainama mbele.

"Mama? Kuna chupa?" mke wangu aliuliza.

"Hakuna chupa," alisema polepole. "Mkwe wangu, panda hapa."

Nilipanda upande wa pili, kwenye kiti. Tawi langu lililopotea lilikuwa pale. Lilikuwa limepanda fimbo ya pazia, likaruka hadi kabatini, likajilaza kati ya masanduku chini ya kile kidirisha. Na lilikuwa na vishada sita vya maua, vya mviringo kama mipira midogo, kila ua nyota ya rangi ya waridi hafifu yenye nyota nyekundu katikati, zote zinang'aa kama zimetengenezwa kwa nta. Katikati ya kila nyota kulikuwa na tone la asali linalongoja zamu yake ya kudondoka. Sisimizi hawakuniangalia hata kidogo.

Nilisahau kwamba niko juu ya kiti. "Imechanua," nilisema. "Mke wangu, imechanua! Na leo ni tarehe ya mwisho!"

"Ni ile adimu?" aliuliza kutoka chini.

Nilitazama vizuri. Nilitazama tena. "Hapana," nilisema. "Ni karnosa. Ile ya kawaida kuliko zote."

"Miaka saba!"

"Lakini nzuri," nilisema, na nilimaanisha.

Mama mkwe hakuwa ameondoa macho kwenye kishada kilicho karibu naye. Aliinamisha kichwa, akatazama kilikoshikiliwa. "Hebu niambie," alisema kwa upole uliotangulia adhabu nyingi. "Kijiti hiki kilichobeba maua. Hakina jani. Ni kifupi, ubavuni mwa tawi. Si ndicho kile cha Jumamosi?"

Nilikitazama.

"Ndicho, mama."

"Kile kisicho na kazi."

"Ndicho."

"Leta daftari," alimwambia binti yake.

Mke wangu alijumlisha kwa sauti, ameegemea cherehani yake mlangoni. Alichukua muda. Kila alipofungua ukurasa mpya, mabega yake yalitikisika zaidi, na alipofika mwisho alikuwa amekaa sakafuni akifuta machozi kwa kona ya kanga.

"Mia mbili na kumi na nne," alisema. "Umekata maua mia mbili na kumi na nne. Kwa tarehe!" Kisha kicheko kikakatika. "Na mkasi gani huo unaotumia?"

Niliutoa mfukoni. Ulikuwa mkasi wake mdogo wa kukatia nyuzi, ule aliousaka nyumba nzima mwaka ule nilipopewa hoya.

Hukumu ilitolewa na mama mkwe akiwa bado juu ya stuli. Mpangaji amechanua ndani ya muda, kwa hiyo hafukuzwi. Lakini amechagua mwenyewe anapopenda kuishi, kwa hiyo chungu kiende juu ya kabati, upande wake ule ule ukiangalia dirisha, tawi lisivutwe. Masanduku yaende chini ya kitanda. Dirisha lipewe cherehani. Mkasi urudi kwa mwenyewe. Mshtakiwa wa sukari ameachiwa huru, ila akaguliwe mara kwa mara.

Tulihamisha chungu sisi watatu, tukipumua kwa zamu. Hakuna ua lililoanguka.

Jumamosi iliyofuata niliketi chumba cha mbele na daftari. Cherehani ilikuwa inaimba dirishani, uzi wa bluu ukiwa bluu kweli. Kwa mazoea mkono ulikwenda mfukoni, ukakuta mfuko mtupu. Niliandika tarehe, na mbele yake, "Sijakata kitu."

Mama mkwe alinipokonya kalamu, akasoma, na chini yake akaandika kwa mwandiko ulionyooka wa bwenini: "Amekaguliwa. Hana mkasi."